Mistari ya Ngazi

Bosi alitandaza ramani tatu juu ya meza kubwa, akazibana pembeni kwa vikombe ili zisijikunje, kisha akawaita wachoraji wake waje watazame. Wachoraji wenyewe walikuwa wawili tu: mwanamume mtu mzima ambaye ofisi nzima ilimwita Milimita, na mwanamke wa meza ya jirani ambaye Milimita alimwita dada tangu siku ya kwanza.

"Hizi zote zimetoka ofisi moja," Bosi alisema, "lakini ukimwonyesha mtu wa nje ataapa ni za ofisi tatu. Hapa ukuta mnene kama ukanda wa suruali. Hapa ukuta na kabati vinalingana, hujui kipi cha tofali na kipi cha mbao. Hapa jina la mteja liko juu, pale liko chini. Sisi ni wasanifu au wachora vibonzo?"

"Mimi nafuata kiolezo nilichokikuta," dada alisema.

"Ulikuta kipi? Kompyuta yako ina ukoo mzima wa violezo." Bosi akamgeukia Milimita, na sauti ikalainika. "Mzee wa kazi, nitengenezee kimoja. Fremu moja, kisanduku kimoja cha jina, unene wa mistari uwe mmoja kwa kila mtu. Vingine vyote tutafuta. Nikipate mwisho wa wiki, maana ramani za ile nyumba ya ghorofa nataka zitoke nacho."

"Utakipata," Milimita alisema, hata kabla hajajiuliza.

Kazi hiyo, kwa mtu aliye nje ya ofisi za namna ile, huonekana kama urembo. Katika programu ya kuchorea, mistari yote kwenye skrini ina unene mmoja na hutofautiana kwa rangi tu. Karatasi inapochapwa ndipo rangi hugeuka unene: nyeupe inatoka nene, kwa ajili ya ukuta, njano inatoka ya wastani, milango na madirisha, nyekundu inatoka nyembamba kuliko zote, ngazi na vigae na vitu vingine vya sakafuni. Anayepanga kiolezo ndiye anayeamua rangi gani itoke na unene gani. Na fundi aliyesimama juu ya jukwaa, jasho likimwingia machoni, hasomi maandishi. Anasoma unene.

Milimita alikuwa ameyajua hayo peke yake, bila mwalimu, na jina lake la utani alilipata kwa sababu aliweza kutazama ramani iliyobandikwa ukutani na kusema mstari upi umekosewa. Lakini sasa mistari myembamba ilikuwa ikimkatikia. Mstari ulianza vizuri upande mmoja, ukapotea katikati, ukajitokeza tena mbele. Katika kazi yake mstari uliokatika una maana yake: kitu kiko juu ya kichwa au kimefukiwa. Kwake yeye nyumba zote zilikuwa zimeanza kwenda juu ya dari au chini ya udongo.

Kwenye skrini alijitetea kwa kuvuta picha karibu. Dada aliwahi kumtania: "Kaka, mlango mmoja umejaa skrini nzima. Unataka kuupitia?"

"Naupima."

"Pima, Milimita, pima. Siku moja utapima hadi kivuli chake."

Akacheka naye. Karatasi, hata hivyo, haivutiki. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwishaondoka hakirudi, dawa ya matone inashikilia kile kilichobaki tu. Habari hiyo aliipeleka kwa mtu mmoja, mkewe, na mkewe akaifunga kifuani.

 

Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao wenyewe, kwa hiyo mtu akitaka kuingia ndani ilibidi apite katikati ya wateja, viti na nywele zilizoanguka. Jioni ile Milimita aliingia akiwaza violezo, akasalimia, akapiga teke beseni la maji lililokuwa karibu na miguu ya mteja. Maji yakatapakaa hadi chini ya kioo.

"Heee, shemeji!" mteja alisema akiinua miguu. "Beseni jekundu hivi hukuliona, au umeamua kunitawaza?"

"Mwache huyo," mkewe akawahi, mikono ikiwa bado kwenye nywele. "Akiwa na kazi ya bosi anaweza kumkanyaga hata mama yangu mzazi."

"Afadhali mimi sijawa mama yako."

Wakacheka wote, na Milimita akacheka kuliko wote, akiinama kutafuta kitambaa cha kupangusia. Mkewe alikuwa amezoea kumdanganyia. Uongo wake ulikuwa mdogo mdogo na daima karibu na mkono, kama vile vitana alivyovichomeka kwenye nywele zake mwenyewe.

Wateja walipokwisha kuondoka, binti yao alianza kuosha vitana kwenye sinki. Alikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari, na ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Milimita aliketi kwenye kiti cha wateja na kueleza aliyotumwa.

"Mwambie ukweli," mkewe alisema.

"Nikimwambia atasema pole. Halafu atasema nipumzike. Mchoraji akiambiwa apumzike, ndiyo amekwisha."

"Wahenga walishasema kuhusu mficha maradhi."

"Wahenga hawakuwa na bosi."

Mkewe hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kisha akafagia nywele hadi mlangoni. "Saluni hii inaweza kulipa shule," alisema akiwa amempa mgongo, "au inaweza kulipa matone yako. Sijapata bado njia ya kuifanya ilipe vyote viwili."

"Ndiyo nasema. Nikimaliza hiki kiolezo, baada ya hapo nitakuwa nachora kwenye skrini tu. Skrini naimudu. Kazi ya kuamua unene ikishaisha, imeisha, hakuna atakayeniuliza tena."

Binti alifunga bomba. "Baba, kwani ni lazima utazame wewe? Sisi tuna macho. Chapa, ulete, tukutazamie."

Mtu na mkewe walitazamana, au mkewe alimtazama na yeye akageuza uso upande ulikotoka sauti.

"Haya ni mambo ya ofisi, mwanangu," Milimita alisema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye tayari amekubali.

 

Kompyuta ndogo ya ofisi alikuwa akiruhusiwa kurudi nayo. Nyuma ya mtaa wao palikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala, na mashine yake kubwa kuliko zote ilitoa karatasi iliyo robo ya ile karatasi pana ya ofisini. Binti alikwenda na faili, akarudi na ramani ya ghorofa ikiwa imekunjwa mara moja. Wakaibandika kwenye kioo cha saluni kwa vibanio vya nywele na kuwasha taa zote.

"Anza na kinene," Milimita alisema. Aliketi nyuma yao, mikono magotini. "Ukuta unauona?"

"Hata kipofu angeuona," mkewe alisema, kisha akajiuma ulimi.

"Endelea," alisema Milimita. "Milango?"

"Ipo. Inapendeza. Imepungua kidogo kuliko ukuta."

"Vizuri. Ndani, upande wa kushoto wa mlango mkubwa, kuna mistari mingi inayofuatana."

Msusi alisogea karibu. Alikuwa na jicho la kazi yake. Siku nzima aligawa nywele za watu kwa mistari, na mstari ukiwa mnene mteja huonekana kama ana kipara. "Hiyo imegandana," alisema. "Imekuwa kama nywele za mtu aliyelala bila kilemba. Ni nini?"

"Ngazi."

"Basi ngazi yako imekuwa kizingiti kimoja cheusi. Hakuna mtu wa kuipanda hiyo."

"Mama anasema kweli," binti alisema. "Na kule bafuni vigae vimekuwa kama sufuria iliyoungua."

Milimita akafungua kompyuta na kupunguza unene wa nyekundu. Binti akaenda tena dukani. Aliporudi mara ya pili mama mtu alisema bado kidogo. Mara ya tatu mwenye duka alimuuliza kama nyumba yenyewe wanaijenga kwa karatasi, na binti akamjibu kwamba kwa bei ya saruji ya siku hizi ingekuwa nafuu.

"Hapo!" mkewe alisema, akapiga makofi. "Sasa naona kila ngazi na nafasi yake. Safi kama njia tatu kichwani."

Wakafurahi kama watu waliosukuma gari likawaka. Mkewe akataka kujua kila rangi inafanya nini, na Milimita akamweleza, naye akazirudia moja moja huku akizima taa. Kwa muda mrefu hawakuwa wamezungumza hivyo, mtu na mkewe, juu ya jambo lisilo dawa wala ada.

Kitu kimoja Milimita alikijua, na hakikumpotea hata kwa furaha ile. Unene ule ule ukiuweka kwenye karatasi ndogo unajazana. Ukiuweka kwenye karatasi pana, mistari inatawanyika na ile myembamba inafifia. Walichokipima nyumbani kilikuwa cha karatasi ndogo. Alijiambia ofisini ataongeza kidogo. Kiasi gani, angeamua akiona.

 

Ofisini mashine kubwa ilitema karatasi pana polepole, na Milimita akasimama akiipokea kwa mikono miwili. Aliona ukuta. Aliona fremu, na kisanduku cha jina pembeni kimekaa mahali pake. Ndani ya ukuta palikuwa na ukungu mweupe wenye vipande vipande. Mtu mwenye macho yake angetazama mara moja na kujua: ongeza, au acha. Milimita aliisogeza dirishani, akaiinamia, akaigeuza, na ukungu ukageuka nayo.

"Dada," aliita, "nitupie jicho hapa."

Dada alikuja na simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, akizungumza na mteja aliyetaka dirisha lihamishwe kwa mara nyingine. Alitazama. Karatasi ilikuwa mpya, wino ulikuwa mzuri, naye alikuwa ameisogelea.

"Safi, kaka. Maridadi kabisa."

"Ngazi je? Niziongeze kidogo?"

"Ngazi nazionaaa," alisema, na kwa mkono akamwomba mtu wa simu asubiri. "Uongeze nini tena? Bosi mwenyewe kalalamika mistari ni kama mikanda. Acha hivyo hivyo." Akarudi kwenye dirisha la mteja wake.

Milimita aliacha. Huenda angeweza kumwambia njoo tena, tazama vizuri, tazama ukiwa mbali kama fundi anavyotazama. Lakini swali la pili lingezaa la tatu, na la tatu lingekuwa: kwani wewe huoni?

Bosi aliitazama ile ramani akiwa amesimama, kwa urefu wa mkono. Aliangalia fremu, jina la mteja, na jinsi kuta zilivyosimama nyeusi katikati ya weupe. Hakuangalia ngazi. Mtu akikuchekea hukai kumhesabu meno.

"Hii ndiyo kazi," alisema. "Dada, njoo uone ofisi inavyotakiwa kuonekana. Futa vile vingine vyote, leo hii."

Na dada akavifuta, akivitaja kimoja kimoja kama anayeaga wageni wasumbufu. Siku hiyo msusi alifunga saluni mapema, akapika, na hakuna aliyetaja macho mezani.

 

Kule kwenye ujenzi wa ile nyumba ya ghorofa, fundi mkuu alikuwa na utaratibu wake. Ramani halisi zenye muhuri alizifungia chumbani, kwa kuwa zikifika kazini zinalowa na kupakwa saruji. Alizipeleka kutoa nakala, kwenye duka lenye mashine pana, na nakala ndizo zilizogawiwa mafundi. Mashine ile ilikuwa imechoka. Mistari minene iliinakili, ya wastani ikainakili kwa taabu, na ile myembamba ikaipita kama haikuwahi kuchorwa.

Mafundi walisuka nondo, wakapanga mbao, wakamwaga zege la sakafu ya juu kutoka ukuta hadi ukuta. Zege lilipokauka mwenye nyumba alikuja kutazama, amevaa viatu vya kung'aa, akasimama chini ya sakafu yake, akatazama juu, akatembea upande huu na upande ule, akauliza, "Na mimi nitapanda wapi?"

Simu ilipofika ofisini, sauti ya fundi ilisikika hadi kwenye meza za wachoraji. Bosi alitoka mbio. Alirudi viatu vikiwa na vumbi la saruji, fundi mkuu nyuma yake, na wakajifungia chumbani kwa Bosi. Milimita na dada walisikia sauti tu, zikipanda na kushuka, bila maneno.

Ndani Bosi alikuwa akisema, "Ghorofa lisilo na ngazi! Umejenga miaka yote hii na hukushangaa?"

"Nilishangaa," fundi alisema. "Kwenye lile ghala tulilojenga kabla ya hii pia nilishangaa. Nikauliza. Nikajibiwa ngazi itakuja ya chuma, itakaa nje, nifuate ramani nisijifanye msanifu. Nani alinijibu?"

Alikuwa Bosi mwenyewe.

"Basi mimi nafuata," fundi alisema. "Tazama mwenyewe. Hapo ni sakafu tupu. Ningetoboa zege la mtu kwa imani?"

Bosi aliitazama nakala iliyokuwa mezani, kisha akafungua mlango na kumwita Milimita. Moyoni hakuwa na nia ya kumtega. Alitaka asikie kutoka kwa mtu wake wa kutegemewa kwamba ngazi zilichorwa na kosa ni la mashine ya nakala. Halafu wangejua jinsi ya kuzungumza na mwenye nyumba.

"Mzee wa kazi, ngazi za hii nyumba umechora?"

"Nimechora," Milimita alisema.

"Mwonyeshe fundi."

Milimita hakuuliza karatasi ile imetoka wapi. Ilikuwa pana kama zote, ina fremu yake, ina kuta zake. Akaiinamia kama kawaida yake, akaweka kidole kushoto mwa mlango mkubwa.

"Hizi hapa," alisema. "Zinaanza hapa. Unapanda, unapanda, hapa pana kituo cha kupumzikia, unageuka, unapanda tena mpaka hapa unatokea juu." Kidole chake kilitembea taratibu, ngazi baada ya ngazi, kwa uhakika wa mtu anayepita nyumbani kwake.

Fundi mkuu alidhani ni mzaha, akaanza kucheka. Kisha akaacha. Dada, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinua mkono na kuziba mdomo.

"Kaka," fundi alisema, na sauti yake ile ya kupigia kelele mafundi ikawa ndogo, "hapo hapana kitu."

"Zipo. Ni nyembamba tu."

"Hii ni nakala yangu. Hapo ni peupe."

Kidole cha Milimita kilibaki pale pale. Bosi akachukua ramani halisi ambayo fundi alikuja nayo, akailaza juu ya meza sambamba na nakala, akalinganisha. Mahali pa kidole palikuwa sahihi hasa. Angekuwa amekosea hata kidogo, huenda wangeweza kujifanya hawakuelewa.

"Tangu lini?" Bosi aliuliza.

"Kabla ya hiki kiolezo."

"Sasa hii mistari uliipimaje?"

"Nilipima nyumbani."

"Na nani?"

"Na mke wangu. Na mtoto."

Fundi mkuu aligeukia dirisha, akawa kama anayetafuta gari lake nje. Bosi alikaa. "Mistari ya ofisi yangu," alisema taratibu, bila nia ya kutukana, akijaribu tu kulielewa jambo, "imepangwa na msusi?"

"Ana macho mazuri," Milimita alisema.

Nje simu ya dada ililia kwenye meza yake, ikalia hadi ikanyamaza. Bosi alisema pole, na alimaanisha. Alisema kosa si la mtu mmoja, na hilo pia alilimaanisha. Mwishoni akasema, "Nenda nyumbani upumzike kidogo. Nitakupigia." Akamwagiza dereva ampeleke, na dereva, ambaye alikuwa ameshasikia, alimfungulia mlango wa gari na kumshika kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

 

Simu haikupigwa wiki ile, wala iliyofuata. Milimita aliamka kila siku kwa saa ya kazi, akavaa, akakaa chumba cha ndani ili asiwe njiani mwa wateja. Wateja walimuuliza msusi kama shemeji yuko likizo, na msusi alisema ndiyo, likizo yake iliyolimbikizwa. Mmoja akasema, "Raha iliyoje," na msusi akamvuta nywele kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku moja mchana Bosi na dada walisimama mlangoni mwa saluni, dada amekumbatia kompyuta. Msusi alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Alijifuta mikono, akawakaribisha, akaita kuelekea ndani, "Mume wangu! Wageni wako!" na mwenyewe akasikia jinsi sauti yake ilivyopanda.

Milimita alitoka akiwa amefunga vifungo vyote vya shati. Aliwaandalia viti kwa kupapasa. Dada alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko desturi.

"Tunakusumbua, kaka," alisema. "Nimejaribu kurekebisha kile kiolezo nimeshindwa. Nikinenepesha ngazi, bafu linakuwa jeusi. Nikigusa bafu, fremu inapotea. Na vile vya zamani nilishafuta. Kazi zote zimesimama."

"Hukuvigawa," Milimita alisema, na uso wake ukachangamka. "Ngazi na vigae vyote viko kwenye nyekundu. Vigae uvitoe, uvipe rangi yake. Fungua. Umefungua? Anza na nyeupe."

Akaanza kusema. Alisema rangi kwa rangi, na kila moja unene wake kwa karatasi pana na kwa karatasi ndogo. Alisema rangi ipi isiguswe kwa sababu haitoki kwenye karatasi, ni ya mistari ya kujipimia tu. Alisema kisanduku cha jina kimefungwa kwa kona ipi, na ukitaka kukihamisha uanze kufungua nini, na kwa nini ramani za misingi zina ukurasa wake tofauti. Alisema akiwa ameinua uso kidogo, macho kwenye ukuta, bila kusita mahali popote. Dada aliandika kwa kasi na kusema, "Endelea, kaka," na, "Hapo rudia." Bosi alikaa amekunja mikono, akitikisa kichwa, na mara moja alimtazama msusi kama anayetaka kusema kitu, akakiacha.

Mteja wa nusu kichwa alichoka, akaanza kujitazama kwenye kioo. Msusi hakumwambia asubiri wala hakuendelea. Alisimama na kitana mkononi, akisikiliza zile rangi zikitoka mdomoni mwa mumewe moja baada ya moja.

"Iko nyingine?" dada aliuliza hatimaye.

Milimita alifikiri. "Hapana. Hiyo ndiyo ya mwisho."

Dada akachapa mfano, kwa kimashine kidogo walichokuja nacho, akautazama, akamwonyesha Bosi. Bosi aliutazama kwa makini safari hii, akiusogeza karibu na macho. "Ngazi hizi hapa," alisema. "Vigae hivi hapa. Ahsante sana, mzee wa kazi. Umetuokoa." Akasimama. Aliuliza kama ana dawa ya macho, akaambiwa matone yanasaidia. Alimtakia binti mtihani mwema. Wakaaga, kila mmoja mara mbili, kama watu wanaoondoka msibani, na gari likasikika likigeuza na kwenda zake.

Msusi alirudi kwenye kichwa cha mteja, akatafuta pale alipoishia. Milimita alibaki ameketi kwenye kiti alichowapa wageni, bado na lile changamko usoni.

"Umewapa yote?" mkewe aliuliza.

"Yote."

Aligawa nywele kwa ncha ya kitana, akavuta mstari mmoja mnyoofu hadi kisogoni.

"Ungebakisha hata rangi moja," alisema, "warudi kuuliza."

Milimita aliliwaza jambo hilo polepole, kwa uangalifu, na lile changamko likamtoka usoni kidogo kidogo.

"Sikufikiria," alisema.